Dokta na Mrija Wake wa Kioo

Watu wa Ruangwa walimwita Dokta, na kwa sababu hiyo walimpelekea homa zao. Walifika na watoto wenye kikohozi, na wazee wenye miguu iliyovimba, na kila aliyefika aliambiwa jambo lile lile: "Mimi si dokta wa sindano." Sasa wewe ni dokta wa nini? "Wa RNA." Wakaangaliana. Mwishowe alichoka kufukuza watu, akanunua mashine ya kupimia presha, na kuanzia hapo kila Jumapili asubuhi alipima presha za mtaa mzima pale barazani kwake, bure, huku akinung'unika kwamba hakusomea kazi hiyo.

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Mama yangu alikuwa ametoka Narung'ombe kuja kunisalimia, nikampeleka apimwe. Wakati anafungwa ule mkanda mkononi, mimi nilichungulia sebuleni nikaona ukutani karatasi ndefu kuliko mlango, imejaa nukta, mamia ya nukta, na katikati yake mistari ya penseli inapanda na kushuka. Nikauliza ni ramani ya wapi. Akacheka mpaka akakosea kusoma presha ya mama, ikabidi ampime upya.

"Hata mwenye duka la kuchapa kule Nachingwea kaniuliza hivyo hivyo," alisema. "Mashine yake wanaitumia wapima viwanja. Akaniambia, Dokta, kijiji hiki nyumba zimekaa ovyo sana."

Niseme mapema, nisijizungushe: namkumbuka mno. Nilipigiwa simu kwamba ameshazikwa nikiwa ng'ambo, nimesimama kwenye korido ya jengo lenye baridi, na mkono mmoja umevaa glavu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kumweleza kwa watu wa huku, nao wanatikisa kichwa kwa adabu. Labda wanaofahamu barabara ya vumbi ya kwenda Likunja watanielewa zaidi.

Nianze na kazi yake, maana bila hiyo hakuna Dokta. RNA ni uzi mwembamba mno ulio ndani ya kila chenye uhai, umeandikwa kwa herufi nne tu. Shuleni tunawafundisha watoto kwamba kazi yake ni kupeleka ujumbe, wanaandika kwenye mtihani, wanasahau. Dokta hakutaka kusikia habari za ujumbe. Yeye alitaka umbo. Alisema uzi ule haukai umenyooka. Unajikunja wenyewe, herufi ya huku inashikana na ya kule, na pengine katikati inabaki moja haina mwenzake. Protini inayopita karibu haihesabu herufi, inautambua mkunjo, kama sisi tunavyomjua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali. Kipande alichokisomea kilikuwa cha kirusi kinachoozesha mihogo, kile kinachokufanya uung'oe muhogo mzuri wa kutamanisha, ukiukata ndani una michirizi ya kahawia. Alitaka kujua protini ya muhogo inakishika wapi.

Kitu cha namna hiyo hakionekani kwa darubini. Kinasikilizwa. Kuna mashine inaitwa NMR, sumaku iliyosimama kubwa kama tangi la maji la shule. Unaingiza humo mrija wa kioo wenye maji ya RNA, unazigonga atomi za haidrojeni kwa mawimbi ya redio, halafu unasikiliza zinavyojibu. Kila moja ina mlio wake, na zilizokaa jirani zinasikiana. Kila majirani wawili wanatoa nukta moja kwenye karatasi. Ukiipata nukta ya kwanza kwa hakika, unatembea hadi ya pili, ya tatu, mpaka umeuzunguka uzi wote na kujua nani anakaa karibu na nani.

"Tembea," alikuwa akiniambia. "Usiruke."

Maana nilirudi. Jumamosi iliyofuata nilirudi bila mama na bila presha, nikasema mimi ni mwalimu wa kemia na ninataka kujua zile nukta zinasema nini. Aliniangalia kwa muda. Kisha akanipa rula, penseli na kiti kifupi. Nilikaa kwenye kiti kile Jumamosi za miaka minne. Mume wangu, Mungu amjalie subira, mwanzoni alikuwa akija kunifuata kwa pikipiki na kukuta watu wawili wazima wamesimama mbele ya ukuta wanabishania nukta. Baadaye akawa ananishusha na kwenda zake sokoni.

Dokta alikuwa mvumilivu wa nukta, na hakuwa na uvumilivu wa kitu kingine chochote. Basi la Nachingwea likichelewa nusu saa, alianza kwenda kwa miguu, akaokotwa njiani na basi lile lile. Aliweza kukuonyesha atomi moja inakaa wapi katika uzi, lakini kila wiki alitafuta ndala zake. Mikorosho aliyoachiwa na baba yake huko Likunja ilikuwa aibu ya kata nzima. Alipulizia salfa, ile dawa ya unga, siku ya upepo, akarudi nyumbani manjano kuanzia nyusi mpaka viatu, na majirani wakasema mwaka huo litakalozaa korosho ni shati la Dokta. Alicheka nao. Mwaka uliofuata akapulizia tena siku ya upepo.

Kitu ambacho watu hawakumsamehe upesi ni neno "sijui". Wakulima walimletea mihogo iliyooza wakaimwaga barazani, pembeni ya mashine ya presha. Mzee mmoja wa Likunja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesoma miaka yote hiyo, unakuja kutuambia hujui?"

"Dawa yake siijui, mzee wangu," Dokta alimjibu. "Ila usichukue mbegu kwenye shina hilo. Ng'oa, choma."

Mzee aliondoka amenuna. Aling'oa mashina, lakini aliyachoma huku akimtukana Dokta hadharani, na mvua zilizofuata akaja tena na mihogo mingine, akaimwaga pale pale, akauliza swali lile lile. Wakawa marafiki wa kugombana.

Halafu kuna habari ya mikono. Mkono wa mtu, hata uoshwe vipi, una kimeng'enya kinachokatakata RNA. Ukigusa mdomo wa chupa kwa kidole kitupu, kazi ya mwezi imekwisha. Kwa hiyo wanaofanya kazi hii huishi ndani ya glavu, na Dokta aliporudi nyumbani baada ya miaka kumi na moja alikuja na ugonjwa huo mwilini. Akisalimiwa alitoa mkono, kisha akakaa ameuweka mbali na nguo, vidole vimetanuka, anasubiri kuuosha. Watu wakasema anaringa. Mama yake ndiye aliyemvunja. "Umetoka huko unatuona sisi wachafu?" alimuuliza mbele ya wageni. Tangu siku hiyo Dokta alizidisha upande wa pili. Alikushika mkono akauliza habari za nyumbani, za shamba, za waliosafiri, na mkono wako bado anao. Kuna watu walikuwa wanapita njia nyingine kama wana haraka.

Lakini mimi hakunipa nafuu hiyo. Alinunua boksi la glavu duka la dawa, akanifanya nihamishe maji ya kawaida kutoka kikombe kimoja kwenda kichupa kidogo, kwa kufuata taratibu zote, saa nzima. "Umegusa ushungi. Vua, anza upya." Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu, nina watoto wawili, na nilivuliwa glavu kama mtoto wa chekechea aliyeshika uji. Niliwahi kumwambia kwamba ni maji tu, Dokta. Akasema anajua ni maji.

Alikuja Ruangwa kwa miezi mitatu. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, naye akaomba ruhusa kazini, akafunga begi dogo. Aliwahi kunisimulia kwamba alimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua choroko kwa mkono mmoja, akamwangalia mwanawe aliyepotea miaka kumi na moja, akasema, "Umekonda," na kuendelea kuchambua. Basi. Miezi mitatu ikawa miaka tisa, na mama alipofariki Dokta hakuwa tena na kazi ya kurudia. Wenzake walikuwa wamesafisha friji ya maabara na kumwaga vya kwake vyote. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Ila ukimkuta mwenyewe jioni, yuko mbele ya ile karatasi na mikono nyuma, ulijua uchelewe kidogo kupiga hodi.

Kilichobaki kilikuwa mrija mmoja. Alikuja nao begini siku ile ya kwanza, mwembamba kama penseli, mrefu kama shubiri, mdomo wake umezibwa kwa moto. Ndani mlikuwa na RNA yake, ya mwisho aliyoitengeneza kwa mikono yake. Haukutakiwa kuganda, maana barafu ingepasua kioo, wala kupata joto. Nyumbani kwake hapakuwa na friji. Kwa hiyo aliupeleka kwa Mama Barafu, mjane aliyeuza soda na barafu karibu na stendi. Mama Barafu akauweka upande wa chini wa friji yake, ndani ya chupa tupu ya maji iliyojazwa pamba, na juu yake Dokta akaandika kwa kalamu nene: USIGUSE. Watu walijua ni dawa. Ya nini, kila mtu alikuwa na jibu lake, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Kila Ijumaa akitoka msikitini Dokta alipita pale. "Mzigo wangu mzima?"

"Mzima, Dokta."

Ndilo jambo lililomfanya aishi, na sisemi hivyo kwa kupamba. Aliamini kwamba siku moja mrija ule utaingia tena kwenye sumaku, na zile sehemu za karatasi alizoziacha na alama ya kuuliza zitapata majibu. Kulikuwa hata na nukta moja ndogo, pembeni kulia, ambayo haikuwa jirani wa mtu yeyote. Ilijitokeza kila alipopima. Alishindwa kujua ni ya nani, akaandika pembeni yake "Mgeni", na kwa namna fulani akaipenda. Nikichoka kusoma alisema, "Haya, msalimie Mgeni, ukapumzike."

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, ni yeye aliyeniandikia barua kwa mwenzake wa zamani wa maabara. Usiku wa kuamkia safari sikulala kwa furaha na woga, lakini asubuhi yake ndiyo ninayoikumbuka. Dokta alikuja stendi na chupa ya chai. Ndani ya chupa ya chai kulikuwa na vipande vya barafu, chupa ya plastiki, pamba, na mrija. Mama Barafu alisimama nyuma yake, amekunja mikono.

"Ukipata zamu ya mashine, uingize," aliniambia. "Halafu unipigie. Hata kama ni saa ngapi."

Nilipata zamu mwezi wa tatu. Nilivaa glavu kwa utaratibu wote, nikaushusha mrija ndani ya sumaku, nikakaa. RNA iliyo nzima, iliyojikunja vizuri, ina milio inayosimama peke yake upande wa kushoto wa karatasi, kila mmoja na nafasi yake. Nilisubiri upande ule. Palikuwa patupu. Katikati kulikuwa na lundo, milio imebebana, ishara ya uzi uliokatikakatika vipande vidogo visivyoweza kukunjika tena. Nikarudia. Nikabadilisha joto, nikarudia. Yule mwenzake wa zamani, mzee sasa, alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani na kuondoka.

Nikapiga simu. Alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Mwalimu?"

"Shikamoo, Dokta. Mzigo upo. Upo mzima."

Akasema Alhamdulillahi, akasema tena. Sijui kwa nini nilisema vile. Ninajua, kwa kweli: sikuweza kuwa mtu wa kumwambia. Wiki ile ile dada yangu aliniambia kwamba Dokta amepita kila nyumba kutoka stendi mpaka Likunja akieleza, na kwamba amemnunulia Mama Barafu doti ya khanga.

Nikafanya nililoweza. Nilitengeneza RNA mpya, herufi zile zile, kwa mikono yangu. Ilichukua karibu mwaka. Ilikubali, ikajikunja, ikasimama kwenye mashine, ikanifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya Dokta. Nilipokuja likizo nilichapa matokeo yake, nikayakunja, nikayabeba nikijiambia kwamba herufi ni zile zile, kwa hiyo si uongo mkubwa.

Nilimkuta amepungua. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, na mashine ya presha sasa aliiendesha jirani. Lakini aliitandika karatasi yangu mezani, akaweka vikombe pembeni ili isijikunje, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akatembea. Kidole kilipita nukta kwa nukta, hakuruka hata moja, na uso wake ulikuwa umeng'aa kiasi kwamba nilitaka muda usimame hapo. Kisha kidole kikaenda pembeni kulia, kikasimama.

"Mgeni yuko wapi?"

Nilinyoosha pembe ya karatasi.

"Mwalimu. Huyu si wa kwangu. Wa kwangu ana mgeni."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia lile lundo mpaka ile simu, na nililia kuliko siku niliyoondoka. Aliondoa vikombe kimoja kimoja. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Nimewaambia watu," alisema tu. "Yule mama nimempa shukrani kwa kitu ambacho hakikuwepo. Twende tukamwambie."

Tukaenda, taratibu, amenishika mkono kwa sababu ya jicho. Mama Barafu alikuwa anaosha chupa. Dokta alimsalimia, akamuuliza habari za wajukuu, na kisha akamwambia kwamba mrija ulikuwa umekufa, kwamba mwalimu hapa alimficha kwa kumhurumia, na kwamba ameona si haki Mama Barafu asijue.

Mama Barafu aliacha chupa ndani ya beseni. Akakaa chini pale pale.

"Ni mimi, Dokta," alisema. "Mwaka ule umeme ulipounguza friji. Wewe ulikuwa Nachingwea kwenye matanga. Fundi alikaa siku tisa hajaja. Nikaogopa. Nikautoa nikautia mtungini, ndani ya maji, ndiyo mahali pa baridi nilipopajua. Uliporudi nikakwambia mzima. Kila Ijumaa nakwambia mzima."

Nilimwangalia Dokta. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Mtungini," alisema. "Hata mimi ningeutia humo." Akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo magoti yake hayakulitaka. "Sikiliza, dada yangu. Siku tisa mtungini hazitoshi kuua kitu kile. Nakwambia kama mtu anayejua, na unajua mimi sijui vingi. Umekufa kwa miaka, na miaka ni ya kwangu. Nilimwacha mama miaka kumi na moja, nikarudi nikamkuta amekaa ananingoja. Nikadhani kila kitu kinangoja."

Mama Barafu alijifuta uso kwa pembe ya khanga. Ilikuwa ile ile doti ya shukrani. Alituletea viti, akatufungulia soda na kukataa kulipwa. Watu waliingia wakanunua barafu wakatoka.

Kisha Dokta akanigeukia, akaweka chupa ya soda chini.

"Haya, mwalimu. Ya kwako inasemaje?"

Miaka yote ile tulizungumza ya kwake. Sikuwa nimejiandaa. Nikaanza kumweleza kuhusu ile herufi iliyokosa mwenzake, kwamba haikuchomoza nje kama alivyodhani, imejificha ndani ya mkunjo, na protini inapofika ndipo inapotolewa. Alinikatisha kila sentensi. Umejuaje? Umeiona kwa nukta ipi? Mama Barafu naye akauliza kwa nini ijifiche, na Dokta akasema hilo ndilo swali. Tulikuwa hatujafika hata nusu ilipoadhiniwa magharibi. Akanyanyuka kwa kunishika bega, akatafuta ndala zake kwa miguu.

"Basi," alisema, "mengine utanimalizia ukirudi."

Nikamwambia sawa, Dokta, nitakumalizia nikirudi.